Mama Ngina Waterfront: Bustani ya Umma Iliyo Pia Kumbukumbu ya Mji

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu matembezi ya Ras Serani



Jioni za wikendi bustani ya Mama Ngina Waterfront hujaa watu. Familia hushuka kwa tuktuk na matatu, watoto hukimbia, na akina mama wa mihogo hawapumziki hadi usiku. Hiyo ni starehe halali ya kila mkazi. Hata hivyo, wengi huja na kuondoka bila kujua kwamba pale walipoketi ni sehemu ya ulinzi wa kale wa mji huu.

Mvita ni kisiwa chenye bandari mbili. Upande wa mashariki iko Bandari ya Kale, na upande wa magharibi iko Kilindini, iliyopata jina lake kwa sababu ya kilindi, yaani maji marefu. Meli inayoingia Kilindini hupita karibu sana na Ras Serani, na mtu aliyesimama juu ya jabali huiona vizuri. Aliyeshika ncha hiyo ya kisiwa aliweza kumwona adui kabla hajafika mjini.

Wareno walilijua hilo. Kati ya mwaka 1593 na 1596 walijenga Fort Jesus kulinda Bandari ya Kale, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Huku Ras Serani wakaweka ngome ndogo, Fort St Joseph, ambayo mabaki yake yapo hadi leo. Kuta hizo hazikuwatosha. Kuanzia Machi 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus kwa miezi 33, na waliokuwa ndani wakaangamia zaidi kwa njaa na maradhi. Desemba 1698 ngome ikaanguka. Baadaye Waingereza waliifanya gereza, kisha ikawa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia.

Kwa hiyo matembezi mazuri huanzia Fort Jesus asubuhi, jua likiwa bado pole. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa tuktuk hadi Mama Ngina. Anayefuata njia hiyo ataelewa ni kwa nini mji mmoja ulihitaji ngome zaidi ya moja. Ataelewa pia kwamba mawe yaliyochakaa karibu na bahari si kifusi cha kukalia wala mahali pa kujisaidia.

Urithi wa pale si wa Wareno peke yao. Upande huo wa kisiwa ndio waliokaa Wakilindini, mojawapo ya mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa yanayoitwa Thelatha Taifa. Kabla ya kuitwa Mama Ngina, barabara hiyo ilijulikana kama Azania Drive, na wazee wengi bado wanalikumbuka jina hilo.

Kisha kuna mibuyu. Mbuyu huweza kuishi karne nyingi. Shina lake huhifadhi maji, na mara nyingi huwa na uwazi ndani, ndiyo maana ni vigumu kuukadiria umri wake kwa macho. Ua lake jeupe hufunguka jioni, popo hulitembelea usiku, na kesho yake huanza kunyauka. Anayekaa hadi magharibi katika msimu wa maua anaweza kuliona likichanua. Na yale mabuyu mekundu yanayonunuliwa na watoto asili yake ni tunda la mti huo huo.

Bustani hiyo ilikarabatiwa na kufunguliwa upya tarehe 20 Oktoba 2019, Sikukuu ya Mashujaa. Njia za miguu, viti na taa vinaweza kutengenezwa tena vikiharibika. Mbuyu wa miaka mia kadhaa ukifa, hakuna bajeti ya kuurudisha. Ukuta wa kale ukibomoka, unaojengwa badala yake ni ukuta mpya tu.

Uharibifu huo huja kidogo kidogo. Kijana huchonga jina lake kwenye ganda la mbuyu, mwingine huwasha moto wa taka penye mizizi, dereva hupandisha gari juu ya udongo hadi ukashindiliwa. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakataza kuharibu turathi zilizotangazwa, lakini askari hawezi kusimama kando ya kila mti.

Kwa hiyo kila mgeni aje na mfuko wa kurudisha taka zake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Vifuu vya madafu viwekwe mahali pake. Mchuuzi naye aweke jiko lake mbali na mizizi, kwani vivuli hivyo ndivyo vinavyomletea wateja. Walimu wanaoleta wanafunzi Fort Jesus wawafikishe pia Ras Serani.

Zaidi ya yote, mzazi akiketi na wanawe pale ukingoni, awaeleze meli inapita wapi, ngome ilikuwa wapi na nani waliishi hapo. Katika Pwani ambako sehemu kubwa ya ufuo imezungushiwa kuta za hoteli na nyumba za watu, bahari ile bado ni ya umma. Mtoto anayejua thamani ya mahali hapo hatakubali, akikua, paharibiwe au pachukuliwe.