Chai, Kahawa na Kidonge cha Mama Mjamzito



Katika kaya nyingi za Bariadi asubuhi huanza na kikombe cha chai pamoja na viazi vitamu au matobolwa. Chai na kahawa zina faida. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonesha kwamba wanaokunywa kahawa kwa kiasi huugua kisukari cha aina ya pili na maradhi ya ini kwa uchache kuliko wasioinywa. Chai nayo ina viambata vinavyosaidia mishipa ya damu.

Hata hivyo, viambata hivyo, ambavyo ndivyo huipa chai ukakasi wake, hushikamana na madini ya chuma tumboni, hasa yale ya mboga za majani, maharage na nafaka. Mwili hushindwa kuyafyonza ipasavyo, ilhali ndiyo yanayotengeneza damu, ambayo malaria nayo huipunguza.

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki hupewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Akikimeza kidonge kwa chai ya asubuhi, sehemu ya dawa hupotea bure. Kipimo kijacho kikionesha kuwa damu haijaongezeka, huweza kudhani dawa haifai, akaiacha. Mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu yumo hatarini anapojifungua, na mtoto wake huweza kuzaliwa na uzito pungufu.

Hakuna haja ya kuacha chai. Kinachotakiwa ni kubadili wakati wa kuinywa. Kidonge kimezwe kwa maji safi, na likipatikana chungwa au pera liliwe pamoja nacho, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai au kahawa isubiri saa moja hadi mbili baada ya kidonge au mlo. Kahawa ya mjamzito isizidi kikombe kimoja au viwili kwa siku. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe chai.

Aidha, chai ipoe kidogo kabla ya kunywewa. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza kuwa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio.

Mwenye uchovu usiokwisha, kizunguzungu au moyo kwenda mbio afike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu apimwe wingi wa damu. Mjamzito asisubiri dalili. Ahudhurie kliniki mapema, na mwenza wake amsindikize.