Kilomita 5 za Ramani, Kilomita 5 za Mlima



Nimeitwa nizungumze juu ya afya ya watu wa milimani, nami nitachukua mfano wa wananchi wa milima ya Cherangani, kutoka Marakwet hadi Pokot Magharibi. Huko ardhi hushuka kutoka zaidi ya mita 3,000 hadi Bonde la Kerio, lililo kwenye kimo cha mita 1,000 hivi.

Wapangaji wa serikali wamezoea kusema kwamba mwananchi anayeishi ndani ya kilomita 5 kutoka zahanati amefikiwa na huduma. Kipimo hicho ni duara linalochorwa juu ya ramani. Lakini ramani haina mteremko, haina mto uliofurika, wala haina usiku. Mama mwenye uchungu wa uzazi hubebwa kwa machela na vijana wanaopokezana, wakishuka kwa vijia vya mawe na utelezi. Kilomita 5 za ramani zaweza kuwa saa tatu au nne za safari. Na mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki kabla ya saa hizo kwisha. Basi mama huyo huhesabiwa miongoni mwa waliofikiwa, hali yeye amekwisha kuzikwa.

Wenzangu, haki hii si jambo geni. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati huo, yakakubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi iwe karibu iwezekanavyo na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Kenya ilikuwa imetangulia: mwaka 1965 serikali iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa. Lakini Desemba 1989, katika siku za marekebisho ya uchumi yaliyohimizwa na wakopeshaji wa nje, ada zilirudishwa kwa jina la kuchangia gharama. Wagonjwa wakapungua vituoni. Mwaka 1990 ada za wasiolazwa zilisimamishwa, kisha kuanzia mwaka 1992 zikarejeshwa. Mwaka 2004 zilishushwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, na Juni 2013 zikafutwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tulimwuliza pesa kwa zaidi ya miaka 20.

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria, basi, iko upande wa mwananchi. Ni nini kinachomzuia?

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mzazi huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu. Maelezo yao yafaa kwa wagonjwa wote wa mlimani.

Kwanza ni kuchelewa kuamua. Familia huhesabu gharama kabla ya kuondoka. Tangu Oktoba 2024, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Lakini akipelekwa hospitali kubwa, mkulima asiye na mshahara hutakiwa awe amelipa mchango wa mwaka, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi. Na usajili wenyewe wataka kitambulisho na simu, mahali ambapo mtu hupanda kilima kutafuta mawimbi.

Pili ni kuchelewa kufika. Mvua zikizidi, mlima hufunga njia zake. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 40 Pokot Magharibi, yakakata barabara na madaraja. Novemba 2025 maporomoko mengine yaliua zaidi ya watu 20 katika eneo la Chesongoch, Marakwet Mashariki, na majeruhi wakachukuliwa kwa helikopta hadi Eldoret. Helikopta ile huja kwa ajili ya msiba mkubwa. Haiji kwa ajili ya mama mmoja usiku wa manane.

Tatu ni kuchelewa kutibiwa. Muuguzi akiwa mmoja tu, siku aendayo kuchukua dawa mlango hufungwa. Chanjo hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na jokofu lisilo na umeme ni kabati tu.

Makanisa yalijua hayo mapema. Hospitali ya Kapsowar huko Marakwet na ile ya Ortum huko Pokot Magharibi zilianzishwa na wamishenari kabla ya uhuru. Lakini sadaka ya waumini haiwezi kuchukua nafasi ya kodi ya wananchi, na tangu mwaka 2013 vituo vya afya na zahanati vimo mikononi mwa serikali za kaunti.

Kwa hiyo naomba tufanye mambo matatu. Kila kanisa la mlimani lipime saa za kutembea, si kilomita, kutoka kila kijiji hadi zahanati, kiangazi na masika, na kuziandika. Tudai nyumba za akina mama kusubiri kujifungua karibu na hospitali, pamoja na posho ya wahudumu wa afya wa jamii ilipwe kwa wakati, kwa maana hao ndio wanaoujua kila mlango. Tena tufike na maandishi yetu katika vikao vya bajeti. Kwa sheria, mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Anayefika Julai amekuta karamu imekwisha.

Tusiende kuomba hisani. Twende na hesabu yetu mkononi, tumwulize kila mwakilishi wa wadi: saa hizi nne utazipunguza kwa kiasi gani, na kufikia lini? Jibu lake tuliandike pia, tulisome kanisani mwaka ujao.