Pesa imekatwa, tokeni iko njia gani?

Wiki mbili zilizopita, yapata saa tatu usiku, umeme ulizimika nyumbani kwangu. Haukuzimika mtaa mzima. Ulizimika kwangu tu, maana uniti zilikwisha nikiwa natazama taarifa ya habari. Nikachukua simu, nikabonyeza zile nyota na reli, nikaandika shilingi 20,000, nikaweka namba ya siri. Simu ikatafakari weee, kisha ikaniandikia kwamba ombi langu halikukamilika. Hata dakika haijapita ukaingia ujumbe wa pili: fedha imekatwa, salio lako ni kiasi hiki. Tokeni? Kimya.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya kusikilizishwa muziki mpaka basi, kijana mmoja mwenye adabu zake akaniambia, "Mzee wangu, mtandao unasumbua, jaribu tena." Nikajaribu tena. Elfu ishirini nyingine zikaenda. Alfajiri, saa kumi na moja kasoro, simu ikalia mara mbili. Zimeingia tokeni mbili, kila moja ina tarakimu 20. Basi nikawa na umeme wa mwezi na mfuko uliotoboka.

Mimi sina la kulilia. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza barafu na samaki wa kwenye friza, alipatwa na mkasa huohuo usiku uleule, ila yeye alikuwa na shilingi 5,000 tu, na hakuwa na nyingine ya kujaribia tena. Asubuhi nilimkuta uani anamwaga maji ya friza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kulikoni?"

"Baba, pesa wamechukua, umeme hawajaleta. Nikiwauliza wa simu, wananiambia niwaulize wa umeme. Nikiwauliza wa umeme, wanasema kwao hakijaingia kitu. Sasa hiyo elfu tano yangu iko njia gani?"

Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Nimewauliza vijana wanaotengeneza programu za namna hii, na mwenyewe nimesomasoma. Kumbe si swali jipya. Wataalamu wa kompyuta wamekuwa wakilihangaikia tangu miaka ya 1970, na dawa yake inajulikana. Ndiyo maana nimeona leo nilizungumzie hapa, kwa sababu sisi wateja tumezoeshwa kuamini kwamba tokeni kupotea ni kama mvua, ni kudra tu.

Tuanze na zamani. Benki ilikuwa na kompyuta moja kubwa na, kwa lugha ya kawaida, daftari moja. Ukihamisha fedha kutoka akaunti hii kwenda ile, kompyuta inaandika mambo mawili: huku punguza, kule ongeza. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba yaandikwe yote mawili au lisiandikwe hata moja. Umeme ukikatika katikati, kompyuta ikiamka inafuta nusu iliyoandikwa. Hicho ndicho wanachokiita muamala. Mmarekani Jim Gray, aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998 kwa kazi hiyo, aliandika mwaka 1981 kwamba mfano mzuri wa jambo hili ni ndoa ya Kikristo. Padri anamuuliza bwana, anamuuliza bibi, na mpaka wote wawili wamesema ndiyo, hakuna ndoa. Akisema mmoja tu, ni kama hakusema mtu. (Bwana huyu alipotea baharini na mashua yake Januari 2007, hakuonekana mpaka leo. Machi ya mwaka huohuo fedha kwa simu zikaanza Kenya, na mwaka 2008 zikaingia kwetu Tanzania.)

Siku hizi lile daftari moja halipo tena. Ukinunua umeme kwa simu, kuna programu inayotunza salio lako, nyingine inayopokea malipo, nyingine inayotoa tokeni, nyingine inayotuma ujumbe mfupi. Vijana wanaziita maikrosevisi, yaani huduma ndogondogo. Kila moja ina daftari lake, na hairuhusiwi kufungua la mwenzake. Tena si za kampuni moja. Sababu zao ni nzuri, siwalaumu: moja ikiharibika nyingine zinaendelea, na fundi anaweza kurekebisha hii bila kuigusa ile. Lakini daftari limegawanyika, na muamala wa yule mama umebaki mmoja.

Tazama basi penye ufa. Programu ya salio inakata elfu tano katika daftari lake, kisha inageuka kumtumia mwenzake ujumbe: toa tokeni. Kati ya kukata na kugeuka, ikizimika, fedha imetoka na ujumbe haujaandikwa popote. Hakuna anayejua kwamba kuna mtu anadai. Ukigeuza, ujumbe utangulie na kukata kufuate, ufa unahamia upande wa pili: mtu atapata umeme wa bure. Nimejaribu kukumbuka kama nimewahi kusikia kosa la upande huo, sikumbuki.

Mbaya zaidi ni pale ujumbe unapofika na jibu likapotea. Aliyetuma hajui kama mwenzake hakupokea, au alipokea na jibu ndilo lililoanguka njiani. Wataalamu hupiga mfano wa majemadari wawili walioko kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni. Wakishambulia pamoja watashinda, akienda mmoja peke yake atakwisha. Njia yao ya kuwasiliana ni tarishi wa kupita bondeni, na anaweza kukamatwa. Wa kwanza anatuma: tushambulie alfajiri. Wa pili anajibu: sawa. Lakini je, jibu limefika? Inabidi wa kwanza athibitishe, na uthibitisho nao uthibitishwe, na kadhalika bila mwisho. Imethibitishwa kwa hesabu kwamba idadi yoyote ya matarishi haitoshi kuwapa wote wawili uhakika kamili. Kwa hiyo anayekuahidi mtandao usiopoteza ujumbe hata mmoja anakudanganya.

Na ile ndoa ya Gray? Inawezekana kuzifungisha programu mbili ndoa kwa kila muamala, lakini padri akizirai baada ya wote wawili kusema ndiyo, bwana na bibi watabaki wamesimama madhabahuni, hawawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kampuni gani itakubali daftari lake lifungwe namna hiyo kumsubiri mwingine?

Dawa inayotumika ni ya kikarani kabisa, na waliofanya kazi masijala wataitambua mara moja. Karani hamwambii tarishi kwa mdomo, "Kimbia upeleke habari hii." Anapoandika kwamba fedha imetoka, anaandika na barua yenyewe, katika daftari lilelile, kwa kalamu ileile, chini ya namba ya kumbukumbu. Yote mawili au hata moja. Hapo ule muamala wa zamani umerudi, kwa sababu daftari ni moja. Kisha tarishi, ambaye ni programu nyingine, kila baada ya muda anapitia daftari: ipi haina saini ya kupokelewa? Anaichukua, anaipeleka. Akianguka njiani, kesho barua bado imo daftarini, haina saini, ataipeleka tena. Hawa vijana wanaliita sanduku la barua zinazotoka.

Sasa utauliza, akipeleka mara mbili je? Ndiyo, kuna siku atapeleka mara mbili, au hata mara tano. Ndiyo maana mpokeaji naye lazima awe na daftari la kumbukumbu alizokwisha kuzishughulikia. Akiletewa barua yenye namba aliyoiona, hatoi tokeni mpya. Anatoa nakala ya ileile ya mwanzo na kusaini. Mtumaji asichoke kurudia, mpokeaji asihadaike na marudio. Bila mmoja wao kazi imeharibika.

Anayedhani hili ni gumu mno aitazame mita iliyo ukutani kwake. Ingiza tokeni leo, kisha ingiza tarakimu zilezile kesho: itakukatalia. Ndani ya zile tarakimu 20 kuna alama ya dakika ilipotolewa, na mita inakumbuka ilizozipokea. Hesabu hiyo ya dakika ilianzia mwaka 1993 na nafasi yake ikajaa Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu tulisumbuliwa kuingiza tarakimu za ziada, na wengine wakadhani ni ushirikina. Kile kisanduku kidogo ukutani kinajua kutofautisha dai jipya na marudio. Iweje yale makompyuta makubwa yatushinde?

Kinachoniudhi hasa ni lile neno "halikukamilika". Programu iliyoniandikia neno hilo ilikuwa haijui. Ilisubiri jibu, jibu halikuja, ikaamua kusema hapana. Majibu ya kweli ni matatu: ndiyo, hapana, na bado sijajua. Wangeniandikia, "Ombi lako tumelipokea, kumbukumbu namba fulani, tunalifuatilia, usilipe tena," ningewasha mshumaa nikalala. Na kijana wa huduma kwa wateja anaposema "jaribu tena", ananifanya mimi niwe tarishi, tena tarishi mbovu, kwa sababu kila ninapobonyeza upya ninapewa kumbukumbu mpya. Kwa kompyuta hayo si marudio, ni mteja anayetaka umeme mara ya pili.

Wapo wanaosema suluhisho ni kurudisha fedha haraka. Kurudisha ni sawa, na wataalamu Garcia-Molina na Salem waliandika tangu mwaka 1987 jinsi ya kutengua kazi ndefu hatua kwa hatua. Lakini kabla ya kutengua ni lazima kwanza kuuliza, maana tokeni inaweza kuwa imeshatoka. Na kwa mama wa barafu, fedha inayorudi baada ya siku tatu haigandishi samaki.

Gharama ya kutojua ipo tu, haiondoki. Mtu mmoja lazima aibebe. Kwa sasa anaibeba mwenye elfu tano, huku wenye madaftari wakitupiana mpira. Ningependa wenye mamlaka ya kusimamia huduma hizi wawaulize swali moja tu: fedha inapokatwa, deni la tokeni limeandikwa katika daftari la nani, na kuanzia dakika ipi?

Elfu tano ya jirani yangu ilirudi siku ya nne. Tokeni haikuja. Siku hizi ananunua umeme asubuhi, kidogokidogo, na amenunua daftari la shule la kurasa 48. Amenionyesha. Lina safu tatu: tarehe, namba ya kumbukumbu, na alama ya vema pale tokeni inapofika. Juzi nilipolitazama, mistari miwili ilikuwa bado haina vema.