Taka, panya na kura: mkazi wa Birmingham na halmashauri ya jiji lake

Habari za taka zilizorundikana mitaani tumezoea kuzisikia zikisimuliwa juu ya miji ya kwetu, Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa, na msimuliaji aghalabu huwa mgeni kutoka Ulaya. Leo mambo yamegeuka. Anayewasimulia ni Mwafrika Mashariki, mkazi wa Birmingham, mji wa pili kwa ukubwa nchini Uingereza wenye watu zaidi ya milioni 1.1, na taka anazozisimulia ni za huku huku.

Tarehe 11 Machi 2025 wazoa taka wa halmashauri ya jiji, ambao ni wanachama wa chama cha wafanyakazi cha Unite, walianza mgomo usio na kikomo, baada ya migomo ya vipindi vifupi tangu Januari. Ilipofika tarehe 31 mwezi huo huo, halmashauri ilitangaza hali ya dharura. Tani zipatazo 17,000 za taka zilikuwa zimelala barabarani, na Aprili serikali iliwaleta hata maofisa wa jeshi kusaidia kupanga namna ya kuziondoa. Mifuko ilirundikana zaidi katika mitaa kama Sparkhill, Small Heath na Balsall Heath, ambako nyumba zimebanana na wengi hawana gari la kujipelekea taka dampo. Mwenye gari alipakia akaenda. Asiye nalo alibaki na mifuko yake mlangoni, na panya wakaja.

Naomba tuwatazame panya hawa kwa makini, maana magazeti yaliwafanyia mzaha kwa kusema wana ukubwa wa paka. Mkojo wa panya huweza kubeba vijidudu vya ugonjwa ambao waganga huuita leptospirosisi. Huku Uingereza watu wengi hawaufahamu, lakini wasikilizaji wetu wa kusini mwa Tanzania wanaujua kwa jina la homa ya mgunda. Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu wapatao 20 waliugua na 3 kati yao wakafariki dunia, kabla ya wataalamu kubaini kwamba homa ile iliyowatia watu hofu ilikuwa ni hiyo. Vijidudu hivyo huingia mwilini kupitia mchubuko wa ngozi, macho au mdomo. Mgonjwa hupata homa na maumivu makali ya misuli. Akichelewa kutibiwa, ini na figo huweza kudhurika. Sidai kwamba homa ya mgunda imeenea Birmingham. Ninachosema ni kwamba mtoto anayecheza mpira kando ya mfuko uliotobolewa na panya yumo hatarini, na kwamba mzazi anayeokota taka hizo avae glavu na afunike vidonda vyake kwanza.

Basi ilikuwaje mji tajiri ukafikia hapo? Wapo wanaomlaumu mzoa taka, na wapo wanaowalaumu wanawake, na hili la pili linahitaji maelezo. Kwa miaka mingi halmashauri iliwalipa bonasi wanaume waliozoa taka na kufagia barabara, huku wapishi wa shule, wasafishaji na watunzaji wa wazee, wengi wao wanawake waliokuwa katika daraja moja la kazi na wanaume hao, wakinyimwa. Wanawake walikwenda mahakamani, na Oktoba 2012 Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba hata walioacha kazi miaka kadhaa nyuma wangeweza kudai. Halmashauri imelipa karibu pauni bilioni 1.1, na mwaka 2023 ikakiri kwamba huenda inadaiwa nyingine kati ya milioni 650 na 760. Tarehe 5 Septemba 2023 ikatoa ilani chini ya kifungu cha 114 cha sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1988, yaani ilani ya kwamba mapato hayatoshi matumizi. Juu ya hayo kulikuwa na mfumo mpya wa hesabu wa kompyuta, ulioanza kutumika Aprili 2022, ambao gharama zake zilivuka makadirio mara kadhaa. Serikali kuu ikateua makamishna. Kodi ya halmashauri ikapandishwa kwa karibu asilimia 10 mwaka 2024 na asilimia 7.5 mwaka 2025, na huduma zikapunguzwa.

Katika kupunguza huko ndipo ilipofutwa kazi ya msimamizi anayekaa nyuma ya gari la taka. Kazi hiyo ilitokana na suluhu ya mgomo wa mwaka 2017. Unite wanasema ni kazi ya usalama, na kwamba baadhi ya wafanyakazi wangepoteza hadi pauni 8,000 kwa mwaka. Halmashauri inakataa hesabu hiyo, na inasema kuibakiza kazi hiyo kungezaa madai mapya ya mishahara sawa. Mwaka 2025 ulikwisha bila ya mgogoro huo kumalizika.

Mimi sioni kwamba mpishi wa shule aliyedai haki yake ndiye aliyeufilisi mji. Deni liliachwa likue, bajeti baada ya bajeti, na waliofanya hivyo walichaguliwa kwa kura. Huu ndio mji ambao meya wake Joseph Chamberlain, kati ya 1873 na 1876, aliyaondoa maji mikononi mwa kampuni binafsi kwa hoja kwamba maji ni afya ya watu. Na mwaka 1904 yakaletwa kutoka milima ya Wales. Halmashauri hii imewahi kuweza makubwa.

Sasa nageukia jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda aliyetimiza miaka 18, na mwenye ruhusa ya kuishi Uingereza, ana haki ya kujiandikisha na kumchagua diwani, na hata mbunge, bila ya kuwa raia wa Uingereza, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo katika utaratibu huo, ila nao wanaweza kumwandikia diwani wa kata yao na kumfuata anapokutana na wakazi. Birmingham ina madiwani 101 katika kata 69, na tangu 2018 huchaguliwa wote pamoja kila baada ya miaka 4. Barua ya uandikishaji hupelekwa majumbani kila mwaka, na nahofia nyingi hutupwa pamoja na matangazo ya piza. Tangu Mei 2023 mpiga kura huulizwa kitambulisho chenye picha kituoni, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola hukubaliwa. Naam, pasipoti ile ile ya Tanzania uliyoingia nayo Heathrow.