Muulize Mama Kabla ya Kukata Kanga

(Mazungumzo ya mjumbe wa kikundi cha ushonaji mbele ya kamati za parokia)

Nimeombwa nieleze jinsi ya kumshonea mzazi blanketi la kumbukumbu. Nitaeleza, lakini nianze na kosa langu.

Mama yangu ana miaka 81. Alipoanza kusahau majina yetu, sisi watoto tulikubaliana tumshonee blanketi la viraka kwa nguo za nyumbani: kanga zake, kaunda suti ya marehemu baba na sare zetu za shule. Tulitaka alishike, akumbuke. Nikafungua sanduku lake akiwa amelala, nikachagua kanga kuukuu, nikakata.

Alipoamka aliona kipande chekundu mkononi mwangu, akalia. Akasema, "Hiyo ndiyo niliyombebea kaka yako." Ndugu zangu, mimi tangu utoto nilijua kuwa ndiye kifungua mimba. Siku ile, nikiwa na miaka 54, niliambiwa kwamba kabla yangu alizaliwa mtoto wa kiume, akaishi miezi saba. Alipofariki, mama aliambiwa anyamaze, atapata mwingine. Akanyamaza. Kanga ile ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo fundisho la kwanza ni hili: kaa na mzazi, toa nguo moja moja, uliza. Mwingine aandike kwenye daftari: nguo ya nani, mwaka gani, ilivaliwa wapi. Akikataa isikatwe, irudishe sandukuni.

Baada ya hapo kazi ni rahisi. Fua kila kanga peke yake, maana nyingine hutoa rangi. Piga pasi. Kata vipande vya sentimita 25 kila upande. Vipande 48, yaani sita kwa nane, vikiachiwa sentimita moja na nusu ya mshono kila upande, vitatoa blanketi la sentimita 132 kwa 176. Nguo iliyochakaa ishikizwe kwanza juu ya kitambaa cha marekani ili isichanike. Katikati weka blanketi jepesi la zamani, chini weka kitambaa kizima, piga bandi tabaka zote tatu, kisha shona kwa mkono. Maneno ya kanga msiyatupe. Yashoneeni pembeni, wajukuu wayasome.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1987 kule Marekani, watu waliofiwa kwa UKIMWI walitandaza mjini Washington vitambaa 1,920 vyenye majina ya marehemu. Kila kimoja kilikuwa cha futi 3 kwa 6. Wengi wa marehemu hao walikuwa wameonewa haya hata na jamaa zao. Kwa sindano na uzi, wakatajwa mbele ya taifa zima.

Wanakamati, tunapowatembelea wazee tunapeleka sukari na sabuni. Ni vema, tuendelee. Lakini naomba tupeleke pia daftari na saa moja ya kusikiliza. Nanyi wafadhili, asanteni kwa vyerehani mlivyotupatia, vinatupatia kipato. Blanketi hili halihitaji cherehani wala fedha nyingi. Linahitaji muda, na kwa wazazi wetu wengi muda huo unakwisha.

Kile kipande chekundu tulikirudishia kwenye kanga yake, tukaishona. Mshono unaonekana. Mama mwenyewe aliamua kanga hiyo ikae katikati ya blanketi, nzima, bila kukatwa tena, na jina la kaka yangu tukalitia kwa uzi mweupe. Siku nyingine mama hanitambui mimi. Lakini akipitisha kidole juu ya jina lile, hulitaja bila kukosea, na sisi sote nyumbani sasa tunalitaja pamoja naye.