Daftari la Nguruwe: Hotuba kwa Vijana Siku ya Yubile



Kamati ya sherehe ilituomba tuseme habari za uongozi wa vijana katika ufugaji. Twajua wengi walitumaini kusikia habari za ng'ombe, maana ng'ombe ana heshima, na mahari huhesabiwa kwa ng'ombe. Lakini sisi tutanena juu ya nguruwe, tena nguruwe wa nasaba safi. Na ndugu zetu Waislamu waliokuja kushangilia pamoja nasi leo watuwie radhi. Tumeagiza nyama yao ichinjwe na kupikwa mbali, kwa mikono yao wenyewe.

Nguruwe wa nasaba safi ni nani? Ni yule ambaye baba na mama yake, babu na bibi zake, wote ni wa aina moja, na kila mmoja ameandikwa katika daftari la chama cha wafugaji. Asiyeandikwa huenda akawa mzuri kwa macho, ila hapana ajuaye atazaa nini. Basi ufugaji huu una nguzo mbili, mnyama na karatasi. Na karatasi ikisema uongo, mnyama naye amekuwa uongo.

Mfano wetu twautoa Marekani. Mtatuuliza, ya nini kwenda mbali hivyo? Ni kwa sababu huko kazi ya kuandika nasaba za nguruwe ni ya zamani, na huko watoto wameachiwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Chama cha kwanza cha kuandika nguruwe, yaani wale weusi waitwao Berkshire, kiliundwa mwaka 1875. Chama chenyewe husimulia kwamba wa kwanza kuandikwa alikuwa dume jina lake Ace of Spades, aliyetoka katika zizi la Malkia Victoria wa Uingereza. Wale wekundu waitwao Duroc husemwa walipata jina mwaka 1823 katika jimbo la New York: mtu mmoja alinunua watoto wa nguruwe kwa jirani aliyekuwa na farasi mashuhuri aitwaye Duroc, akawaita nguruwe wake kwa jina la farasi.

Habari ya watoto nayo ina mwanzo wake. Tarehe 15 Januari mwaka 1902, katika wilaya ya Clark, jimbo la Ohio, mwalimu mmoja, A. B. Graham, aliwakusanya watoto yapata 30 katika chumba cha chini cha nyumba ya mahakama. Aliwafundisha kupanda mahindi na mboga, na kupima udongo. Kutoka vikundi vya namna ile kilitokea chama cha 4-H, ambacho herufi zake nne ni kichwa, moyo, mikono na afya. Katika majimbo ya kusini vikazuka vikundi vya nguruwe, kuanzia mwaka 1910 hivi: kijana hupewa nguruwe mmoja wa mbegu njema, humlea, huandika gharama zake, humwonyesha mbele ya waamuzi. Jirani zetu wa Kenya waliiga jambo hilo mwaka 1962 wakaunda 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na wengine wenu mna binamu waliolima bustani za shule katika vikundi hivyo. Hatusemi kwamba ya Marekani yote yalikuwa mema. Mwaka 1928 kiliundwa chama cha wanafunzi wa kilimo, Future Farmers of America, lakini katika majimbo ya kusini vijana weusi hawakuruhusiwa humo, wakawa na chama chao hata mwaka 1965 vilipounganishwa. Na wasichana walikubaliwa rasmi mwaka 1969. Basi na huko walijifunza polepole nani ahesabiwe kuwa kijana.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 1980 Marekani ilikuwa na mashamba zaidi ya 600,000 yenye nguruwe. Mwaka 2012 yalibaki yapata 63,000. Makampuni makubwa yalijenga mabanda ya maelfu ya nguruwe chotara, na mfugaji mdogo akakosa mahali pa kusimama. Mwezi wa Desemba mwaka 1998 bei ilianguka, hata sokoni nguruwe hai akauzwa chini ya senti 10 kwa ratli, ingawa kumlea kuligharimu zaidi ya mara tatu ya hiyo. Watu walifunga mabanda yao. Wazee wa vyama vya nasaba walitazamana wakaulizana nani atayashika madaftari wakifa wao. Mwaka 1994 vyama vya Yorkshire, Duroc na Hampshire vilikuwa vimekwisha kuungana, na cha Landrace kikafuata. Afisi yao ikawa West Lafayette, jimbo la Indiana. Mwaka 2000, miaka miwili tu baada ya anguko lile, waliunda chama cha vijana, National Junior Swine Association, kwa watoto na vijana mpaka miaka 21.

Angalieni walivyofanya. Hawakuwapa vijana nguruwe wa kuchezea wala mahali pa kuimba wageni wakija. Waliwapa mambo mawili ambayo wazee wa kila nchi huona uchungu kuyatoa. La kwanza ni umiliki: katika maonyesho yao nguruwe huandikwa kwa jina la kijana mwenyewe, kabla ya siku iliyowekwa, wala si kwa jina la baba. La pili ni baraza: vijana huchagua wenzao kuwa wakurugenzi, nao husimama mbele ya watu, husema, huongoza mikutano. Tena mashindano yao si ya nguruwe peke yake. Kijana hupimwa kwa hotuba, kwa kuamua nguruwe wa wengine na kutoa sababu zake, na kwa mtihani wa vyakula, magonjwa na vyombo. Mwenye nguruwe mzuri na kinywa kizito hurudi nyumbani akiwa amepata nusu.

Lakini shule kubwa kuliko zote ni masikio ya nguruwe. Nasi twapenda kukaa hapa kidogo, maana wengi hawalijui jambo hili.

Nguruwe jike hubeba mimba siku 114. Miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu, ndivyo wakumbukavyo. Watoto wakiisha zaliwa, hukatwa alama ndogo masikioni mapema, wangali wadogo, kabla hawajachanganyika na wengine. Sikio la kulia, yaani kulia kwake nguruwe, huonyesha hesabu ya uzazi. Sikio la kushoto huonyesha yeye ni wa ngapi katika uzazi huo. Kila mahali pa sikio pana thamani yake: 1, 3, 9, 27, na nchani 81. Kila mkato waweza kurudiwa mara mbili, ila ule wa 81 ni mmoja tu, na hivyo sikio la kulia laweza kuhesabu mpaka 161. Basi mtoto wa tano katika uzazi wa 13 atakatwa kulia 9 na 3 na 1, na kushoto 3 na 1 na 1. Mtoto wa shule aweza kuifanya hesabu hiyo, na mara nyingi ndiye aifanyaye, baba ameshika mguu na mtoto ameshika koleo na kalamu. Kisha huandika: siku ya kuzaliwa, jina la dume, jina la jike, waliozaliwa wangapi, waliokufa wangapi.

Hapo ndipo uongozi unapoanza. Tuseme yule dume aliyekodiwa kwa fedha nyingi hakupanda, akapanda dume wa jirani aliyevunja ua usiku. Watoto wamezaliwa wazuri, na wanunuzi wako mlangoni. Hapana aliyeona ila kijana. Aandike nini? Akiandika uongo, leo atapata fedha. Lakini walioandika nasaba safi ndio chanzo cha chotara wote: Yorkshire na Landrace hutoa majike wazazi wenye maziwa mengi, Duroc na Hampshire hutoa madume wa nyama, na nguvu ya chotara hutokana na kukutana kwa damu mbili zilizo mbalimbali kweli. Daftari likidanganya, mtu wa mbali asiyemjua kijana yule atapandisha ndugu kwa ndugu pasipo kujua. Ni kweli siku hizi damu yaweza kupimwa maabara. Mwaka 1991 wataalamu wa Kanada waligundua kasoro ya nasaba inayowafanya nguruwe wengine kufa ghafula kwa taharuki, wakichukuliwa sokoni au wakipigana, na nyama yao huwa nyeupe, laini, yenye kutoka maji. Tangu hapo mfugaji aweza kujua ni nani aichukuaye. Walakini kipimo hupima kile kilichopelekwa kupimwa. Wa kukipeleka ni mtu.

Wala msidhani vijana wa huko ni malaika. Katika miaka ya 1990 yaligunduliwa madawa haramu katika miili ya wanyama waliopewa zawadi kwenye maonyesho, na mara nyingine mkono uliotia dawa ulikuwa wa mzazi, mtoto akasimama uwanjani na utepe asioustahili. Sisi twaona hilo ni baya kuliko wizi wa nguruwe.

Sasa turudi nyumbani, na hapa yatupasa kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja ambayo hatutaitaja, vijana walipewa majike sita na dume mmoja weupe, wa mbegu njema. Sisi tunaosema nanyi leo tulikuwa katika kamati ya wazee. Ufunguo wa banda tuliushika sisi. Daftari lilinunuliwa, likaandikwa kurasa mbili, kisha likafungiwa karanga. Dume yule akapanda binti zake, akapanda wajukuu, kwa kuwa hapana aliyekumbuka nani ni nani. Wakaanza kuzaliwa watoto wachache, wenye ngiri za kitovu, wengine wasio na tundu nyuma. Tukasema ni uchawi wa jirani. Katibu wa vijana, msichana aliyekuwa amemaliza darasa la saba mwaka ule, alikuja mbele yetu akasema, "Wazee, shikamooni. Naomba dume abadilishwe, na naomba daftari." Tukamjibu marahaba, tukamwambia akalete maji ya kunawa.

Mwaka uliofuata nguruwe wakaanza kufa kijiji cha pili. Yule msichana akaja tena, akaomba banda lifungwe, mtu asiingie, wala makombo ya hotelini yasiletwe. Mmoja wetu alikuwa amenunua nyama ya bei rahisi sana sokoni siku hiyo. Hakuuliza kwa nini ni rahisi, na maji ya kuioshea yakamwagwa katika hori. Ilikuwa ile homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza kule Kenya mwaka 1921, na hata leo haina dawa ya kuponya. Katika majuma mawili banda likawa tupu. Tulichimba shimo moja, tukamwaga chokaa. Vijana ndio waliochimba. Msichana hakusema neno, na kunyamaza kwake kulitusuta kuliko maneno.

Basi tuliposoma habari za vijana wa Marekani, hatukustaajabia ukubwa wa nguruwe wao. Tulistaajabia kwamba mwaka 2013, ulipoingia huko ugonjwa wa kuhara ulioua mamilioni ya watoto wa nguruwe, maonyesho mengi yalibadili sheria, na katika mengine nguruwe aliyeletwa hakuruhusiwa kurudi nyumbani. Alikwenda machinjoni moja kwa moja. Fikirini, mtoto wa miaka kumi aliyemwosha na kumtembeza nguruwe wake tangu masika, asiweze kumrudisha zizini ili asiue nguruwe wa wengine. Wengi walilia, na nguruwe walikwenda.

Kwa hiyo, tulipopata mbegu tena, tulifanya shauri jipya, na halikupita bila ugomvi. Mzee mmoja alijitoa katika kamati, na hata leo hajarudi. Majike manne, kila mmoja ameandikwa kwa jina la kijana mmoja. Dume hukaa miezi kumi na minane tu, kisha hubadilishwa na wa parokia ya mbali, na karatasi zake hutangulia kuja kabla yake. Wazee twatoa pumba na mashudu, twatoa shauri tukiulizwa, lakini ufunguo si wetu. Mlangoni pana beseni la dawa ya kukanyagia, na viatu viwili vya mpira ambavyo havitoki pale. Sisi wenyewe tulisahau siku moja tukataka kupita na viatu vyetu vya kanisani, kijana wa miaka kumi na minne akatuzuia kwa mkono, akasema, "Samahani, babu." Tukarudi nyuma.

Baada ya chakula daftari litawekwa juu ya meza karibu na mlango wa sakristia. Lifungueni msome, limeandikwa mpaka uzazi wa tisa, na ukurasa wa nne mtaona mstari mmoja umekatwa na kuandikwa upya: mwenye jike aligundua kwamba alikosea dume, akaja mwenyewe kusema, na watoto saba wakauzwa kwa bei ya nyama tu badala ya bei ya mbegu. Banda lenyewe hamtaliona leo. Katibu amekataa wageni mpaka homa iishe wilaya ya jirani, na Baba Askofu, aliyeomba kwa upole kupita kubariki, ameambiwa abariki kutoka barabarani.