Njia ya Shule Ina Wenyewe: Hotuba kwa Jamii za Mpakani



Tumekuja kuzungumzia uonevu unaowasibu watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili hapa mpakani mwa Uganda na Kenya. Tunaanza kwa kukiri kosa letu. Mama mmoja alifika katika kituo chetu kimoja akaeleza kwamba mwanawe hunyang'anywa pesa ya chakula kila asubuhi njiani, na kudhihakiwa kwa lafudhi yake. Tulimwambia aende shuleni. Shuleni wakasema jambo hilo limetokea nje ya lango. Mwenyekiti wa kijiji akasema waonevu wanatoka ng'ambo. Mtoto yule aliendelea kuteswa kwa majuma matatu, kisha akakataa shule kabisa.

Hapana aliyemtakia mabaya. Kila mmoja alidhani yuko mwenzake wa kumshughulikia. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingi inayosukumiana mzigo hailei pia. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba yeyote anayepokea malalamiko ya mtoto kwanza ndiye atakayeyafuatilia mpaka mwisho.

Wazazi, zitazameni dalili: mtoto anayepita njia ndefu bila sababu, anayerudi na njaa ilhali alipewa pesa, daftari zilizochanwa, tumbo linalouma kila Jumatatu. Akisema, msikilizeni kwanza. Msimuulize alimchokoza nani, wala msimwambie arudishe kipigo. Andikeni siku, mahali na majina. Matusi yaliyotumwa kwa simu yahifadhiwe, yasifutwe. Kisha mwoneni mwalimu mkuu siku ileile.

Walimu, uonevu hupenda mahali pasipo macho: vyooni, nyuma ya madarasa, njiani jioni. Mwalimu wa zamu apite huko. Msiwapatanishe mwonevu na mwonewa mbele ya darasa zima, kwani aliyeonewa atanyamaza kwa hofu. Wala kiboko si dawa: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 2016 yamekataza adhabu ya viboko shuleni, na mtoto anayepigwa ili aache kupiga hujifunza tu kuchagua aliye mdogo kuliko yeye.

Viongozi wa vijiji, naibu mwenyekiti wa baraza la kijiji ndiye pia mwenye dhamana ya ustawi wa watoto. Mtumieni. Wenyeviti wa pande zote mbili za mpaka wafahamiane, ili mzazi wa ng'ambo apatikane siku hiyohiyo.

Nasi polisi tunaahidi kutomrudisha mtu mlangoni. Mtoto akijeruhiwa, akinyang'anywa kwa nguvu au akiguswa kwa aibu, hilo ni kosa la jinai. Mleteni mara moja kwenye Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia. Msiogope kwamba tutaharibu maisha ya mtoto mwingine. Aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai, na kwa aliyezidi umri huo sheria inaturuhusu kumaliza mashauri madogo bila kufika mahakamani, kwa onyo na kwa kuwaita wazazi wake.

Wanafunzi, mnaosimama kando na kucheka mnampa mwonevu ukumbi. Ondokeni na mwenzenu, kisha mwambieni mtu mzima. Kumsemea aliyeonewa si umbea. Mkishindwa kusema uso kwa uso, pigeni 116 bila malipo. Nambari hiyo ya watoto ni moja Uganda na Kenya.

Mtoto yule amerudi darasani, na sasa huenda shule pamoja na wenzake wanne. Njia ile ni yetu sote.